Mfumo Usiokosea

Makuli-chuma kumi na wawili walinyanyua marobota ya katani kwa pamoja, wakageuka kwa pamoja, wakayapanga melini bila hata uzi mmoja kudondoka. Mwaka huo wa 2089, bandari nzima ya Tanga iliendeshwa na mfumo endeshi mmoja, Nguzo. Mfumo endeshi ndio akili ya chini kabisa ya mashine, ile inayoamua amri ipi itangulie na mkono upi usubiri. Viwanda vilitumia Nguzo, hoteli pia, hata wauza barafu. Ilikuwa nzito, ghali, na imefungwa kama kabati la mama mkwe: hakuna fundi aliyeruhusiwa kuchungulia ndani.

Mhandisi Rehani Shekivuli hakuelewa. Mfumo mwingine, Wazi, ulikuwa mwepesi, bei poa, na fundi yeyote angeweza kuufungua. Matajiri waliukimbia. Leo alikuwa na sababu ya kuuliza. Ijumaa iliyopita kuli-chuma mmoja aliachia robota, likamwangukia mpakiaji Chambo, akafa palepale. Taarifa ya Nguzo ikamtaja mwenye kosa: Mzee Singano, msimamizi, kwa uzembe. Asubuhi hii polisi walikuwa njiani kumchukua.

"Shikamoo, bosi," Rehani alimsalimia meneja, Bwana Mshangama.

"Marahaba. Kaa, mama."

"Mzee Singano anaonewa. Tungekuwa na Wazi, tungefungua tukaona mashine imekosea wapi."

Mshangama akacheka kidogo. "Ndiyo maana hatuna. Wazi ikikosea, inasema imekosea, na kampuni inabeba mzigo. Nguzo ina ajali mia tatu na kumi na mbili nchi nzima. Unajua ngapi ni kosa lake?"

"Ngapi?"

"Hata moja. Kila mara inampata mtu. Watu wa bima wanaipenda. Na mimi naipenda."

Nguzo haikufanya kazi bila beji ya msimamizi, kwa hiyo kila Ijumaa wanaume waliokwenda msikitini waliacha beji zao kwa aliyebaki. Ndiyo ilikuwa desturi ya gati, na hakuna aliyeiona kuwa ni kosa. Ijumaa ile alibaki Rehani. Alikuwa ameketi, hakugusa kitu, na aliuona mkono wa chuma ukifunguka wenyewe.

Aliogopa, tena sana. Lakini Mzee Singano ndiye aliyemfundisha kazi.

"Mzee alikuwa msikitini," alisema. "Beji yake nilikuwa nayo mimi."

Kioo cha Nguzo ukutani, kilichokuwa kikiwasikiliza muda wote, kikawaka. Jina la Singano likafutika, la Rehani likakaa mahali pake. Mengine yote kwenye taarifa yalibaki yalivyokuwa: saa, robota, jina la marehemu, na lile neno uzembe.