Kioo Namba Saba

Kila siku, kengele ya saa sita ikilia, binti wa mwashi alitoka shuleni kumpelekea mama yake chakula kwenye handaki la reli. Wenzake walimwita Chiriku kwa vile mdomo wake haukupumzika.

Wiki sita zilikuwa zimepita tangu kijiko, yaani gari la kuchimbia, kilipochimba barabara juu ya kilima na kutoboa paa la handaki. Mungu ni mwema, hakufa mtu. Lakini treni zilisimama na mji mzima ukanuna. Dereva wa kijiko, mzee wa watu, sasa alisukuma toroli la mchanga. Hakuna aliyemsalimu. Walimwita Mtoboaji, naye akaitika.

Mama alikuwa akijenga upya ukuta wa ndani. Juu ya kila ufa alibandika kwa plasta kipande chembamba cha kioo, kisha akakiandika namba.

"Ufa ukipanuka hata kidogo, kioo kinapasuka," alimwambia Chiriku. "Hapo hakuna kuuliza, ni kukimbia. Na wewe usivuke ile kamba nyekundu."

Siku hiyo wafanyakazi walikuwa nje wakinawa mikono. Chiriku akaivuka kamba ili avione vioo kwa karibu. Alipogeuka, ndoo ya chakula ikagonga ukuta. Ta! Kioo namba saba kikawa vipande viwili. Alitoka mbio, akampa mama ndoo, akakaa kimya akisubiri vyombo.

"Leo umemeza nini?" mama alimuuliza.

Kabla hajajibu, filimbi ya msimamizi ikalia kutoka ndani.

"Hakuna kuingia! Namba saba imepasuka!"

Wote wakamgeukia mzee.

"Toroli lake lilipita pale asubuhi!" alifoka mfunga nondo. "Amelibamiza ukutani!"

"Mzee, paa umetoboa, sasa na kioo changu?" alisema mama, macho yamemtoka. "Una ugomvi gani na handaki hili?"

"Mwashi, sijakigusa."

"Sema ni wewe turudi kazini!" mwingine akapiga kelele. "La sivyo wanafunga!"

Msimamizi akasogea. "Mzee, kama ulikigonga, sema. Utakwenda nyumbani leo, na wenzako wataendelea. Kama hukukigonga, basi kilima kimesogea, na ninafunga handaki."

Mzee alivua kofia yake ngumu, akaishika kwa mikono miwili. "Nifukuzeni tu, sitalia. Lakini siwezi kusema ni mimi. Je, kama kilima kimesogea kweli? Niwarudishe ndani kwa uongo, kiwaangukie?"

"Mfukuze!" walipaza sauti.

Chiriku alimtazama mzee. Watu hawa walimchukia mzee, na bado mzee huyo aliwaonea huruma.

"Ni mimi," alisema. Hakuna aliyemsikia. Akapiga kelele: "Ni mimi! Nimekigonga kwa ndoo!"

Mama aliinua mkono. Msimamizi akaudaka.

"Mwache. Amechelewa, lakini amesema." Kisha akamwinamia Chiriku. "Kioo hiki hakina kazi nyingine ila kutuambia kweli. Ukikivunja ukanyamaza, umekifanya kiseme uongo, na wewe umesema uongo pamoja nacho. Kosa la kugonga ni dogo, binti. Kunyamaza kwako ndiko kungetuumiza. Ukikosea, sema papo hapo, hata kama wote wamekasirika."

Walipima ufa kwa rula, haukuwa umepanuka. Mfunga nondo alitema mate chini, akarudi kazini. Chiriku alikoroga plasta mwenyewe, na mama akabandika kioo kipya bila kumtazama.

Mzee alipita na toroli lake, kichwa chini.

"Shikamoo, babu," alisema Chiriku. "Nisamehe."

Mzee akasimama. Mama alifuta plasta vidoleni, akaimeza hasira yake, naye akasema, "Shikamoo, mzee."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki sita. Mzee aliliweka toroli chini.

"Marahaba," alijibu. "Marahaba, wanangu."