Vipimo vya Nadjati

"Daftari langu ulisema unalinakili la nini vile?" Nadjati aliuliza, mikono yake haikuacha kuchuma.

Djaanfar alikuwa ametoka Mahajanga kwa meli, akatapika njia nzima, akashuka Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, na kutembea kwa miguu hadi Ambanoro huku akijipangia maneno matamu ya kumwambia mchumba wake. Yote yalimyeyuka pale pale kati ya miti ya milangilangi, asubuhi hiyo, wachumaji wengine wakiwa wametega masikio.

"Ukumbusho," akasema.

"Na ukumbusho ndio umekuleta hata ndevu hujanyoa?"

Ukweli ulikuwa huu. Djaanfar, mwalimu wa sayansi mwenye shahada yake ya kwanza, aliomba mwaka ule wa 1956 kusomea udaktari wa utafiti katika chuo kikuu kimoja Ufaransa. Mada yake ilikuwa jinsi mvua inavyobadilisha mafuta ya ua la langilangi. Mada nzuri, ila vipimo havikuwa vyake. Kwa miaka tisa Nadjati ndiye aliyeandika, kwa herufi za Kiarabu, kila mvua iliyonyesha na kila chupa ya mafuta iliyotoka mtamboni. Djaanfar alivinakili, akageuza tarehe za Kiislamu kuwa za Kifaransa, na penye swali la nani aliyepima akaandika: mimi mwenyewe.

Sasa profesa wa chuo hicho alikuwa amejibu. Djaanfar akatoa barua na kumtafsiria.

"Anasema hajaona kazi kama hii. Lakini ameilinganisha na rekodi za kituo cha hali ya hewa. Mvua za mchana zinalingana. Za usiku, kabla ya saa sita, zote zinachelewa siku moja. Anataka daftari lenyewe, la sivyo ombi langu ataliweka kando."

Nadjati akaacha kuchuma.

"Za usiku tu?"

"Za usiku tu. Nimehesabu upya wiki tatu, kosa silioni."

"Jua likishatua siku imeisha, Djaanfar. Mvua ya baada ya magharibi naiandika tarehe mpya. Wewe mwezi wa Ramadhani ukiandama, tarawehe unaiswali jioni ile ile au unangoja kesho yake?"

Djaanfar akakaa chini kwenye umande, na suruali yake nyeupe. Miaka yote ya shule za Wafaransa ilikuwa imemsahaulisha jambo analolijua kila mtoto wa madrasa, na huyu alikuwa amelitatua hata kikapu hajakitua.

Wakaenda nyumbani kwa kina Nadjati. Safari hii Djaanfar hakunakili, alisoma. Hakukuta siku iliyorukwa. Akafika ukurasa anaoujua, wa siku aliyozikwa mama yake Nadjati. Palikuwa na mvua ndogo, na kilo sita za maua.

"Siku hii ulizika," akasema taratibu.

"Tulizika saa nne. Mvua ilinyesha saa tano na nusu."

Alimtazama msichana aliyedhani anamjua, akaona haya hata kukaa naye mkeka mmoja.

"Nimewaandikia kwamba nilipima mimi," akasema. "Kama si barua hii, nisingekuambia."

Nadjati alilifunga daftari. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Daftari chukua, lisije likaliwa na mchwa," akasema. "Uchumba uache hapa."

Miezi miwili Djaanfar alifundisha Mahajanga kama mtu aliyefiwa. Kisha ikaja simu ya maandishi kutoka Nosy Be: BARUA YA UFARANSA IMEKUJA KWANGU. NJOO USOME. NADJATI.

Alimkuta ukumbini, bahasha iko magotini, haijafunguliwa. Baba yake, mzee Hassane, aliketi kando na hakuitikia salamu vizuri. Djaanfar akafungua, akasoma kwa sauti.

"Kwa Bibi Nadjati Hassane, mtafiti, Ambanoro."

Zilifuata kurasa tatu za maswali, profesa mzima akimuuliza mchumaji wa maua kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu wake. Mzee Hassane alisogea mkeka kwa mkeka hadi akafika karibu. Kisha yakaja maneno ya mwisho.

"Mwombaji ameniletea daftari na kuniambia kwamba kila kipimo ni chako. Ameondoa ombi lake. Mimi sijaliondoa. Nitampokea ikiwa wewe unamwona anafaa, na katika utafiti huo jina lako litatangulia lake."

Nadjati akamtazama.

"Uliliondoa ombi lako?"

"Niliondoa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungedhani nanunua uchumba."

Mzee Hassane aliiomba barua, akaigeuza huku na huku ingawa Kifaransa hakijui, akaweka kidole penye jina la binti yake na kumwomba Djaanfar asome tena pale. Djaanfar akasoma. Akaombwa mara ya tatu, na hapo sauti ikamkatika kabisa.

"Mwandikie kwamba unafaa," Nadjati akasema, akitabasamu na huku analia. "Kwa chuo chao. Kwangu mimi utaanza posa upya, na baba akuulize atakavyo."

Mzee alimuuliza siku mbili, hakumwachia kitu. Siku ya tatu, baada ya sala ya Ijumaa, akampa mkono akamwozesha.