Jitu Lililopita Bila Kuinama

Mgeni aliyekuwa akipiga picha ndiye aliyeuona mkono. Ulining'inia chini ya gauni la lile jitu la karatasi, refu kama nyumba ya ghorofa, lililoegemezwa kwenye ua wa karakana tangu gwaride la jana.

"Dada, huyu bado amelala humo ndani?"

Kiguu-na-Njia, aliyepata riziki na jina lake kwa kuwatembeza wageni mjini kwa miguu, alicheka kwanza. Asubuhi ya baada ya sherehe mji mzima ulikuwa hoi. Kisha akaugusa ule mkono. Ulikuwa wa baridi kama bomba.

Aliyekufa ni Twiga, aliyelibeba jitu hilo kwa ndani miaka yote. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Saa nne mpelelezi alifika. Saa tano pingu zilikuwa mikononi mwa mdogo wa Kiguu, mvuta kamba, yule anayetangulia mbele ya jitu na kuliongoza.

"Juzi mligombana," mpelelezi alisema.

"Nani asiyegombana na Twiga, afande? Nilitaka mwaka huu nilibebe mimi. Akanicheka, akanikumbusha ile siku niliyojaribu, mikanda ikanichuna mabega hata shati halivaliki."

"Na jana gwaride lilipokwisha?"

"Nikalifikisha mlangoni, nikaenda zangu kula. Jitu huvaliwa na kuvuliwa mlango umefungwa, asionekane mtu. Ndiyo kazi yetu ilivyo."

"Basi wewe ndiye wa mwisho kuwa naye."

Fundi aliyeliunda jitu alisimama kando, amejifungia ndani ya koti. "Mimi jana nilimwachia Twiga karakana, nikaenda kulala," alisema. "Gwaride huwa silioni. Nikimaliza kazi nakuwa sina hali."

Kiguu aliwaacha wageni kivulini, akaenda nyumba ya tatu kutoka hapo kumpa habari mama yake Twiga. Hakuwahi hata kufungua kinywa.

"Mwambie huyo mwanangu nimenuna!" mama alianza, kitini pake dirishani. "Kila mwaka akifika hapa huliinamisha jitu lake mpaka kichwa kiguse dirisha. Jana nimepunga mkono weee, likapita kama halinijui."

 Kiguu aliliona tena jitu la jana likicheza, mtaa mzima ukilipigia makofi, macho yake ya rangi yakitazama mbele tu.  Akarudi mbio, habari hajaitoa.

"Afande, Twiga hakuwemo! Jana jitu lilimpita mama yake bila kuinama. Alikuwa ameshakufa kabla jitu halijatoka. Na mdogo wangu alikuwa uwanjani na wapiga ngoma tangu asubuhi, watu wote wanamwona. Alilipokea jitu limeshavaliwa."

"Sasa ndani alikuwamo nani?"

 Kiguu alimsogelea fundi kama mtu anayetoa pole, akamwekea mikono mabegani, akakandamiza.

Fundi alipiga ukelele. Mpelelezi akamvua koti. Shati lilikuwa limegandia kwenye michubuko miwili mibichi, upana wa mkanda.

"Miaka nenda miaka rudi naliunda mimi, anashangiliwa yeye," fundi alisema, akijishusha chini taratibu. "Nilimwomba mara moja tu. Akaniambia, wewe kaa na gundi yako. Nikamsukuma, akajigonga kwenye kona ya meza. Nje ngoma zimeshaanza. Nikamfunika turubai, nikavaa. Niliporudi nikamvisha yeye." Alifuta kamasi. "Walinipigia makofi, mnajua? Sikutaka tufike mwisho."

Pingu zilihama mikono. Mdogo mtu alitaka kumkumbatia dada yake. Kiguu akamsukuma kwa upole.

"Kawatembeze wale wageni. Mimi nina pa kwenda."

Safari hii aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kiti cha mama yake Twiga.

"Mama, mwanao hakukunyima salamu. Hakuwemo mle." Akamweleza yote, hakubakiza.

Mama alitazama barabarani, ambako upepo ulikuwa ukizungusha karatasi za sherehe.

"Basi mimi," aliuliza mwishowe, "jana nilikuwa nampungia nani?"