Programu ya Kusawazisha Sauti Ilinisikilizisha Kifo cha Mama

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili. Hapa Musoma nina kibanda cha kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi. Wimbo mmoja ukipiga kelele na mwingine ukinong'ona, mteja anakurudia na matusi! Ndiyo maana nina programu ya kusawazisha sauti: za juu inazishusha, za chini inazipandisha. Unaiwekea mafaili yote, unaendelea na mambo yako. Nani ana muda wa kusikiliza kila kitu?

Mwaka jana tulimuuguza mama nyumbani Butiama. Mchana alikuwaga anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ndogo... Siku moja niliacha simu yangu ya zamani kitandani kwake inarekodi nyimbo zake, nikakimbilia Bunda kumtafutia dawa. Nilimwacha na mume wangu, Baba Neema, na mdogo wangu wa damu, Ghati.

Niliporudi, mama alishafariki. Wakaniambia, huku wanalia, eti alipitiwa na usingizi, hakuteseka. Nikawashukuru... Mimi huyu!

Ilipofika misa ya kumbukumbu, nikataka ndugu wamsikie. Rekodi ilikuwa ya chini mno, na baada ya wimbo sikusikiaga kitu. Nikaipitisha kwenye programu, nikaitia kwenye flashi bila kuisikiliza tena, kama kazi za wateja.

Tukaifungulia uani kwenye spika. Mama akaimba, watu wakalia. Wimbo ulipoisha nikainuka kuzima, shangazi akanizuia. "Acha kwanza, pengine ataimba tena."

Hakuimba. Aliomba maji. "Ghati... maji, mwanangu." Kikafuata kicheko cha Ghati, na mume wangu akimwambia, "Achana naye, sogea huku." Mama akaomba tena. Na tena! Wao wanachekeana tu... chumbani kwa mkwe! Kwetu mwanamume chumba cha mkwe haingii hovyo, sembuse kufanya uchafu ule mbele ya mtu anayekata roho?

Nilitapika palepale. Shangazi akamtemea Ghati mate. Baba Neema, bila aibu, akasema kompyuta yangu imechakachua sauti. Mshenzi! Programu haitungi maneno, inapandisha yaliyokuwepo!

Nimeondoka na wanangu. Ghati anapiga simu akilia, sipokei. Nikilisikia jina lake tu, naona kinyaa.

Wasomaji wenzangu, nawasihi, mkiwa na mgonjwa, tumeni mtu mwingine dukani, ninyi mbaki. Mimi nilikimbia hadi Bunda kutafuta dawa... na mama alikuwa anataka maji tu.