Ukurasa Uliogoma Kufunguka

Jengo lile la maduka lilikuwa na orofa nne, lakini mtandao ulishika vizuri mahali pamoja tu: kwenye ngazi, kati ya orofa ya pili na ya tatu, karibu na dirisha. Saa za mchana hapakupitika. Wauza viatu, wanafunzi, makarani, wote walijazana pale na simu zao juu, kila mmoja akimwomba mwenzake asogee kidogo.

Siku hiyo aliyewazidi wote alikuwa dada mmoja aliyevaa gauni jeupe la uuguzi, limepigwa pasi likanyooka, na sweta ya buluu mabegani. Alikuwa amepanda juu ya kreti la soda. Simu yake ilikuwa moja ya zile za kwanza kwanza za kugusa kioo, ndogo, imeshapita mikononi mwa watu kabla yake.

Kijana mmoja mrefu, mwenye miwani na shati la mistari lililochomekwa vizuri, alikuwa anashuka kwenda kula. Alikuwa fundi wa kompyuta, ofisi yake iko orofa ya juu. Kreti likayumba, akaliwahi.

"Dada, utaanguka!"

"Niache nianguke, kaka yangu, ila huu ukurasa ufunguke kwanza."

Fundi akacheka. Akachungulia kioo cha simu, na kicheko kikamkatika. Ukurasa ule alikuwa ameutengeneza yeye, kwa mikono yake, kwa ajili ya chuo cha uuguzi.

"Unaona mambo haya?" Nesi akaendelea. "Nataka nafasi ya kusomea ukunga. Nataka fomu. Lakini kabla ya fomu lazima ishuke picha ya jengo la chuo. Mstari mmoja, unapumzika, mstari mwingine. Mwaka jana nililiona paa na madirisha mawili. Siku ya mwisho ikanipita bado niko madirishani."

"Pole sana."

"Aliyetengeneza kitu hiki, siku nikimpata!"

"Utamfanya nini?"

"Nitampa simu yangu ajaze fomu mwenyewe. Jela ina nafuu."

Hapo mtu mwenye akili zake angesema, "Ni mimi." Fundi alifungua kinywa. Lakini Nesi akatabasamu, na alikuwa na mwanya ambao ungemsahaulisha hata hakimu hukumu yake. Badala ya kukiri, Fundi akaomba namba ya simu. Nesi akampa, naye akaiandika ya kijana kwa jina la Bwana Ngazi, maana ndipo alipomwokota.

Yakaanza mazungumzo ya kila siku kwa simu, na muda si mrefu Fundi akawa anamwita mpenzi.

"Leo kumekataa nini, mpenzi?"

"Leo kibodi. Nikigusa mahali pa kuandika jina, kibodi inapanda inafunika palepale. Naandika kama nimefumba macho. Nikikuza maneno yanakimbilia pembeni, nikiyapunguza yanakuwa mayai ya chawa."

"Umefanyaje sasa?"

"Nimeyaandika yote kwanza kwenye kipande cha boksi, na nimehesabu herufi. Jina la baba ni herufi tisa, nagusa mara tisa, halafu naomba Mungu."

Fundi akashangaa. Miaka yote alifanya kazi mbele ya kioo kipana kama meza, na ukurasa wake ulifunguka mara moja, akajipongeza akaenda nyumbani. Hakuwahi hata siku moja kuujaribu kwa simu. Na huku mjini kulikuwa na mwanamke anayetoka zamu ya wodi ya wazazi, miguu inamuuma, anaushinda kwa boksi na hesabu. Mimi ninayesimulia nimewaona wasomi wengi, ila ujanja wa aina ile ni wa wachache. Fundi alimpenda kwa ule ubishi wake kabla hata hajampenda kwa mwanya.

Akaanza kutengeneza. Kila Nesi alipolalamikia kitu, kesho yake kilikuwa kimenyooka. Picha ya jengo akaikondesha mpaka ikawa kama stempu. Fomu ndefu akaikata vipande vifupi.

"Jamani, kuna malaika kaingia kwenye ule ukurasa," Nesi alimwambia siku moja. "Kisanduku cha jina kimeacha kujificha!"

"Labda wamekusikia."

"Nani wa kunisikia mimi?"

Fundi akatabasamu peke yake. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye ya kwake alikuwa anaitembea huku anapiga mluzi.

Tena alikuwa na kosa lake la kila mara. Kwa simu zile, ukipigiwa tu, mtandao unakatika na yote uliyojaza yanafutika.

"Haloo, kipenzi. Nimekukumbuka tu."

"Umenikumbuka nikiwa kipande cha tatu! Jina la baba, la mama, la shule, yote yamekwenda na maji!"

"Nisamehe, laazizi."

"Siku nyingine nikumbuke kimya kimya."

Zikabaki siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi. Nesi akaufungua ukurasa na, kwa mara ya kwanza, ukashuka mpaka chini kabisa. Kule chini palikuwa na maneno ambayo hakuwahi kuyafikia: *Ukurasa ukikusumbua, piga namba hii.* Akafurahi. Akataka kumshukuru huyo malaika kwa mdomo wake. Akaigusa namba.

Kioo kikaandika: Bwana Ngazi.

Akadhani kidole kimeteleza. Akakata, akagusa tena. Jina likawa lilelile.

"Kipenzi, leo hujazi fomu?" Fundi akapokea kwa sauti ya asali.

"Nimepiga namba iliyo chini ya ukurasa wa chuo."

Fundi akaanza neno, Nesi akamkatiza.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na ile siku ya kwanza ulijua?"

"Nilijua. Lakini nimekuwa nakutengenezea..."

"Nilikueleza mwaka wangu ulivyopotea, ukaniambia pole. Pole, kama mpita njia! Unajua mwaka mzima nilijiona mjinga? Nilimwambia shangazi yangu kwamba simu imenishinda kwa sababu kichwa changu kizito. Neno moja tu ungeniambia. Moja!"

Akakata simu. Akalia mpaka kwikwi ikamshika. Shangazi mtu, dada wa baba yake aliyemlea tangu utotoni, alimsikiliza huku anakunja nguo.

"Aliyekosa akatengeneza ana afadhali," Shangazi alisema mwishowe. "Ila huyu anatengeneza akiwa amejificha. Mwache atoke kwanza, ndipo umtazame."

Fundi alipiga mara sita, hakupokelewa. Akatulia, akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya zamani: akafungua kumbukumbu za mwaka uliopita. Watu arobaini na mmoja walianza kujaza fomu kwa simu. Hakuna hata mmoja aliyefika mwisho. Aliitazama ile hesabu mpaka jasho likamtoka.

Usiku uleule akapanda basi, na asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mkuu wa Chuo, mama mmoja mkali. Akasema yote bila kujitetea.

"Unajua unajiharibia kazi mwenyewe?" Mkuu akamuuliza.

"Najua, mama. Lakini watu hawa wanadhani walishindwa wao."

Mama yule akavuta pumzi. Akaongeza wiki moja, na akaagiza maombi ya waliokwama mwaka jana yasomwe kwanza. Kuhusu kazi ya Fundi, alisema wataongea wiki hiyo ikiisha.

Jioni ile Nesi akaufungua ukurasa kwa shingo upande. Ukafunguka kabla hajavuta pumzi ya pili. Picha hakuna. Juu kabisa palikuwa na maneno haya, akamsomea Shangazi kwa sauti:

*Mwaka jana ukurasa huu haukuwapokea waliotumia simu. Kosa halikuwa lenu, wala la simu zenu. Ni langu mimi niliyeutengeneza. Sikuwahi kuujaribu kwa simu hata mara moja. Muda umeongezwa kwa wiki moja. Nisameheni.*

Na chini yake, jina la Fundi, lote, na la baba yake.

"Haya," Shangazi akasema. "Ametoka."

Kesho yake mchana Nesi aliingia ofisi ya orofa ya juu, amevaa gauni la kijani lenye maua madogo, nywele amesuka upya. Fundi akainuka kwa pupa, kiti kikaanguka.

"Kaa," Nesi akasema. "Nimejaza yote. Nimebakisha kutuma. Nataka uone kwa macho yako."

Akaiweka simu mezani kati yao, akagusa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Yakaja maneno: *Maombi yako yamepokelewa.*

Fundi akalia, wala hakuona haya.

"Nikichaguliwa ni miaka miwili," Nesi akasema, naye sauti imelainika. "Na chuo kiko mbali."

"Nitakusubiri."

"Kusubiri unakujua wewe? Kwenye kioo chako kipana kurasa zote hufunguka mara moja!"

"Basi utanifundisha. Nesi, naomba nije kwa shangazi yako."

"Kufanya nini?"

"Nikiri kosa langu. Halafu nikuombe wewe."

Nesi akamtazama mtu huyu aliyeandika aibu yake mahali ambapo mji mzima ungeisoma. Moyo wake ukajaa.

"Njoo Jumapili," akasema. "Uanze na kosa. Mimi nilikusamehe jana, nilipofika kwenye jina la baba yako."

Fundi akasema Jumapili ni mbali mno. Nesi akamwambia azoee.