Rede ya Sita A na Sita B

Kila asubuhi mimi na Jovina tulitoka pamoja katika nyumba yetu ya Buguruni, kila mmoja na fagio lake la chelewa na dumu dogo la maji. Ilikuwa nyumba ya kupanga, vyumba vikitazamana, na ua tukiutumia wote. Mama yangu, mtu wa Newala, alikaanga maandazi ya kuuza barazani. Mama yake Jovina, mwenyeji wa Bukoba, alikuwa karani katika ofisi moja ya Mikocheni, akiondoka kabla hatujaamka. Kwa hiyo mama yangu ndiye aliyetukagua wote wawili: kucha, kola, masikio. Kisha alitupa andazi moja la njiani. Tulilikata nusu kwa nusu na kuhakikisha limekwisha kabla ya kufika getini.

Maana tukivuka geti la shule, undugu ulikoma. Jovina alikuwa Sita A, mimi Sita B, na madarasa hayo hayakupikika chungu kimoja. Wao walijiona mafundi wa hesabu. Sisi tuliwaambia kwamba hesabu haikimbizi miguu. Mpaka leo sijui ugomvi ule ulianzia wapi, lakini jamani, ulikuwa mtamu!

Siku kubwa ya ugomvi huo ilikuwa Ijumaa ya katikati ya muhula, wasichana wa madarasa hayo waliposhindana rede. Kwa ambaye hajaicheza, pole yake. Warushaji wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi uliojazwa matambara. Katikati anakaa mchezaji mmoja na chupa tupu, anajaza mchanga huku akikwepa. Mpira ukimgusa hata pindo la sketi, ametoka. Aliyejaza chupa zaidi ndiye mshindi, na darasa lililoshindwa linachota maji ya vyoo mpaka muhula uishe. Nyumbani mimi na Jovina tulifanya mazoezi pamoja kila jioni, kama vile hatukuwa maadui.

Hapo uani ndipo nilipogundua jambo. Mpira wa kulia Jovina aliukwepa kwa urahisi kabisa. Wa kushoto ulimpata kila mara.

"Jovi, we mbona kushoto hukwepi?" nilimuuliza jioni moja.

Alikaa juu ya ndoo. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Jicho la kushoto naona ukungu. Tangu mwaka jana."

"Mama yako anajua?"

"Hajui, na usimwambie! Unataka nivalishwe miwani? Umeona walivyomfanya Gaspar?"

Nilikuwa nimeona. Gaspar wa darasa lao alikuja siku moja na miwani, na kufikia mapumziko alikuwa ameshapewa jina la Babu Mstaafu. Hata walimu walijisahau wakamwita hivyo.

"Apa," akasema Jovina.

Nikaapa. Alikuwa rafiki yangu kuliko wote, na siri ya rafiki niliiona kitu kikubwa sana.

Siku chache kabla ya mashindano, Loveness, kiongozi wa timu yetu ya Sita B, alinivuta pembeni ya maktaba. Alikuwa msichana mrefu, mkali, na mkono wake wa kurusha uliogopwa shule nzima.

"Hamida, we unakaa nyumba moja na Jovina. Lazima unajua anashindwa wapi. Tuambie."

"Mie sijui."

"Hujui, au hutaki? We ni wa B au wa A?"

"Wa B. Lakini sijui."

Toka siku hiyo wenzangu wakaniita ndumilakuwili. Hakuna aliyeniazima rula, na nilipofika kwenye benchi, watu walijitanua kusiwe na nafasi. Iliniuma. Usiku nilijiambia kwamba neno moja tu lingenirudishia marafiki wote. Lakini lingenikosesha Jovina, na hilo sikuliweza.

Ijumaa ikafika. Margareta wa darasa letu aliingia kwanza, akaguswa chupa ikiwa nusu. Kisha akaingia Jovina, na warushaji wa Sita B tulikuwa Loveness na mimi. Nilirusha kwa nguvu zangu zote, nikirusha kulia kwake, ambako nilijua anaona. Alikwepa, akacheka, akajaza; chupa ikakaribia nusu. Sita A walipiga makofi na kuimba.

Loveness akaushika mpira. Akasogea hatua chache, akarusha chini chini upande wa kushoto. Jovina hakuona kitu mpaka mpira ulipokuwa ubavuni mwake. Akashtuka, akaruka, akajikwaa, na paji la uso likagonga ukingo wa mtaro wa saruji.

Sita B tulianza kushangilia, kisha tukaona damu.

Mwalimu Anastasia, aliyekuwa mwamuzi, alimbana jeraha kwa kitambaa. Jovina hakulia. Alinitazama mimi tu.

"Umewaambia," alisema.

"Sijawaambia, Jovi! Haki ya Mungu!"

"Mpira mwepesi vile," Mwalimu akauliza, "hukuuona, mwanangu?"

"Jua lilinipiga machoni, mwalimu."

Jua lilikuwa mgongoni kwake. Nikisema, Jovina angeamini daima kwamba mimi ndiye niliyemwuza. Nikinyamaza, angerudi nyumbani na jeraha lake na ukungu wake, na siku nyingine ingekuwa barabarani, pale makutano ya Buguruni ambako magari hayasubiri mtu. Nilimwona akilini mwangu akivuka bila kuona gari la kushoto. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Mwalimu," nikasema huku nalia, "jicho lake la kushoto halioni vizuri. Ni muda mrefu."

Jovina aligeuza uso.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Jovina alitoka nyumbani mapema bila mimi. Mama alitoa andazi kama kawaida, nami nililibeba zima mpaka shuleni bila hamu ya kula. Mama yake alimpeleka hospitali. Daktari akasema jicho linahitaji miwani, na kwamba wangezidi kuchelewa, kulitibu kungekuwa kazi ngumu.

Jumatano Mwalimu Anastasia alikusanya madarasa yote mawili ukumbini. Jovina alikuwapo, plasta usoni, miwani mpya ameificha mfukoni. Kabla Mwalimu hajasema kitu, Loveness alisimama.

"Mwalimu, Hamida hakutuambia chochote. Tulimtenga, na bado hakusema. Mie ndiye niliyemtazama Jovina kwenye mazoezi ya Sita A nikaona kushoto hakwepi. Nilidhani ni uzembe tu. Sikujua ni jicho." Akageuka. "Nisamehe, Jovina. Ushindi ule sie hatuutaki. Turudie."

Mwalimu alimwashiria akae. "Nimefundisha miaka mingi," alisema, "na watoto huniambia kwamba rafiki mwaminifu ni yule anayefunga mdomo. Ni kweli, lakini si kila mara. Siri ambayo adui ataitumia kumwangusha mwenzako, ifungie. Siri inayomdhuru mwenye siri mwenyewe, mpelekee mtu mzima, hata kama mwenzako atakununia. Hamida amefanya yote mawili, na la pili ndilo gumu. Na wewe Jovina, afya haifichwi kwa kuogopa utani. Nyie wengine, utani wenu ndio uliomfanya afiche. Gaspar ana jina lake. Mwiteni kwa jina lake."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Jovina mlangoni, fagio mkononi, miwani machoni. Aliliangalia andazi langu.

"Unakula peke yako siku hizi?" akauliza.

Nikalikata nusu. Tulitembea tukitafuna, na safari hii tulivuka geti bado tuna vipande mkononi.

Ijumaa tulirudia rede. Jovina alifunga miwani kisogoni kwa lastiki, akachuchumaa kwenye mchanga na chupa yake. Mpira ulipofika mikononi mwangu alinyanyua kichwa, akaniita mbele ya shule nzima.

"Hamida! Rusha kushoto!"

Nikarusha kushoto, kwa nguvu zangu zote, kama ninavyolipenda darasa langu. Alipinda kiuno kidogo tu, mpira ukapita. Akajaza chupa mpaka shingoni.

Siku hizi kwao Jovina ni Goba, juu kule vilimani, baba yake alikojenga. Mimi bado niko Buguruni, na nikimkumbuka hukumbuka muhula ule tuliochota maji ya vyoo mpaka viganja vikaota sugu. Kila mapumziko msichana mmoja wa Sita A, mwenye miwani, alikuja kunishikia ndoo upande wa pili.