Karatasi Namba Ishirini na Saba

Jumatatu, tarehe tatu, mwezi wa kumi na moja. Asubuhi hiyo yalianguka manyunyu mepesi, kisha jua likatoka kabla chai haijapoa. Katika nyumba moja ya watu wawili, mama na mwanawe, kulikuwa na utulivu ambao majirani waliusifu. Mwana alikuwa mwalimu wa sarufi na fasihi katika shule ya jioni ya watu wazima. Mama, mwenye miaka sitini na mitatu, alikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza shuleni hapo hapo. Haja yake kwa Mungu ilikuwa moja tu: akisome kitabu chake cha sala kwa macho yake mwenyewe, asibaki kuitikia yanayosomwa na wengine.

Alimimina chai. Nusu iliingia kikombeni, nusu ikamwagika mezani.

"Mama, mawazo yako wapi?" aliuliza mwalimu, macho yakiwa kwenye ratiba ya mitihani.

"Nina jambo nataka kukwambia, mwanangu. Hili jicho langu..."

"Muhula ukiisha, mama. Wiki hii sina hata nafasi ya kujikuna. Halafu ujiandae, karatasi za darasa lenu nasahihisha mimi."

Mama akacheka. "Kwa hiyo utanisoma?"

"Nitawasoma wote."

Ndugu zangu, lishikeni neno hilo.

Shule ile ilikuwa na desturi nzuri. Mwisho wa muhula walimu walibadilishana karatasi, na mwanafunzi hakuandika jina bali namba, ili pasiwe na upendeleo. Ubaya haukuwa hapo. Ubaya ulikuwa katika namna mwalimu huyu alivyosahihisha. Wanafunzi walimwita Kalamu Nyekundu. Alipitia insha kama mtu anayechambua mchele: macho yake yaliona mawe tu. Herufi kubwa haipo, duara. Nukta haipo, duara. Alijivunia kumaliza karatasi ishirini kwa saa, na hakuna kosa lililompita.

"Huyu ukimletea taarifa ya msiba, atakuuliza nukta iko wapi," alisema fundi cherehani aliyekaa dawati moja na mama, na darasa likaangua kicheko.

"Mwacheni mwanangu," mama alimtetea. "Maneno ya mdomo hana muda nayo, ila karatasi anaiheshimu."

Kichwa cha insha ya mtihani alikitunga mwalimu mwenyewe: *Jambo ninalotaka kumwambia mtu wa nyumbani kwangu.* Mama alisali kimoyomoyo, akainama hadi pua ikakaribia kugusa karatasi, akaandika saa mbili bila kupumzika.

Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana, mwalimu alikuwa amemaliza zote. Ilipofika namba ishirini na saba alikunja uso. Mistari ilipandana. Alichora duara baada ya duara, akaandika chini yake: "Mwandiko mbovu. Zingatia nukta. 9/20." Akachukua namba ishirini na nane.

Walipokaa kula, mama aliuliza, "Umemaliza karatasi zetu?"

"Zote."

"Zote kabisa? Umezisoma?"

"Zote, mama. Kwani unaogopa kufeli?"

Mama akangoja. Alitafuna polepole, akingoja. Mwalimu alinawa mikono, akamshukuru kwa chakula, akaondoka mezani. Tangu siku hiyo mama hakuuliza tena.

Wiki zilizofuata alianza kupapasa ukuta akitembea. Mwalimu alidhani ni uzee. Alimnunulia taa yenye mwanga mkali, akaifunga mwenyewe chumbani kwa mama, akajiona ametimiza wajibu wa mtoto.

Siku ya kufunga muhula, walimu na wanafunzi wa darasa lile, watu thelathini na mmoja, walikusanyika kurudishiwa karatasi. Mwalimu aliita namba moja moja.

"Ishirini na saba!"

Aliyesimama alikuwa mama yake, ameshikwa mkono na fundi cherehani. Alifika mbele, akanyoosha mkono kupokea. Mkono ukapita kando ya karatasi, ukashika hewa.

"Nisomee, mwalimu," alisema. "Mimi sioni tena."

"Huoni vipi, mama?"

"Tangu juzi hata dirisha silioni. Soma."

Akasoma. Kwa mara ya kwanza, akasoma.

"Mwanangu nakuandikia kwa sababu nikisema husikii daktari wa macho amesema ni presha ya macho jicho la kushoto limeshakufa na la kulia linafuata amesema nirudi na mtu wangu kabla ya wiki mbili nipasuliwe mimi naogopa kwenda peke yangu nishike mkono mwanangu."

Neno *naogopa* lilikuwa ndani ya duara jekundu.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Akwambie mara ngapi?" fundi cherehani aliwaka. "Kwa mdomo ulimzuia. Kwa karatasi ukampa tisa!"

Lakini kilichomchoma mwalimu hayakuwa maneno ya fundi. Mama alisema taratibu, "Mimi nilijua umesoma. Si ulisema zote? Nikasema basi, mwanangu amesoma na ameamua kunyamaza. Nikamwachia Mungu."

Siku ile ile alimkimbiza hospitali. Daktari alimpima, akatikisa kichwa. "Kilichokufa hakirudi. Mngekuja mwezi uliopita, la kulia tungeliokoa."

Kitabu cha sala mama alikuwa amekisoma mwenyewe hadi ukurasa wa kumi na mbili.

FUNZO

Enyi walimu, wazazi na watoto, mtu anaweza kuona kila kosa la mwenzake asimwone mwenzake. Anayekuandikia, hata kwa mistari iliyopinda, anakuita. Anayeanza kusema akakatizwa, huenda asianze tena. Tusiahirishe watu wetu hadi muhula uishe, kwa maana si kila kitu kinangoja. Mungu atusamehe, lakini macho ya mama yule hayakurudi.

Muhula mpya ulipofunguliwa, mama alikataa kubaki nyumbani. Aliketi dawati la mbele. Mwalimu alisimama mbele ya darasa lile lile, akamwekea mama karatasi mkononi, akisema ni ahadi aliyoiandika. Mama aliipapasa, akamrudishia.

"Sema kwa mdomo," alimwambia. "Watu wasikie. Maandishi yako mimi siwezi kuyasoma."

Mwalimu akaikunja ile karatasi. Akaligeukia darasa.

"Mbele yenu nyote na mbele ya Mungu, naahidi: sitaweka alama kwenye karatasi ya mtu kabla sijasikia alichoniambia. Na wewe, mama, kila asubuhi kabla sijatoka nyumbani, nitakaa kando yako na kukusomea kitabu chako, kuanzia ukurasa wa kumi na tatu."